Barafu Yangu na Visahani za Mama Nekesa

Nimestaafu. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Watu wananiambia mtu wa miaka thelathini na tatu hastaafu, anaacha tu kazi. Hapana. Kuna mzee hapa mjini alikaa kwa kiti moja miaka thelathini bila kutokwa na jasho, siku ya mwisho akakatiwa keki na akaitwa mstaafu. Mimi nimebeba damu ya watu kwa pikipiki miaka kumi na mbili, Satellite, Loresho, Parklands, mvua na jua, mpaka goti la kushoto likaniandikia barua. Kama huyo amestaafu, mimi nimestaafu mara mbili. Keki sikuona. Madam Mutheu ndiye alinipea hii daftari akasema, "Andikia hao wawili wapya wa pikipiki wanachukua boksi yako ya damu. Na usiandike matusi."

Nimejaribu.

Nyinyi wawili, mjue mapema: mimi niliishia darasa la nane. Nitaandika vile naongea. Mkitaka Kiswahili ya mtihani, mwalimu wangu bado ako Malava na bado ako na kiboko.

Niliingia hii lab ya kupima damu, hapa Parklands, kama mtu wa kupiga deki. Mwezi wa tatu, msee wa pikipiki akaenda lunch na hakurudi, mpaka leo hatujui alikula nini. Meneja akauliza nani anajua kuendesha. Nikainua mkono, na mkono ulikuwa na moppa. Hiyo ndiyo ilikuwa interview.

Kabla nitoke, Madam Mutheu akaniita kwa benchi yake. Huyu ni mama wa Kitui, mfupi, miwani imefungwa na uzi, na ndiye fundi wa kupima damu kuliko wote nimewahi kuona. Akapanga chupa tatu ndogo mbele yangu.

"Hizi ni nini?"

"Damu."

"Zote?"

"Si zote ni nyekundu, madam?"

Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe ni mjinga lakini unajibu haraka. Tutaelewana."

Akanionyesha kofia za hizo chupa. Kofia nyekundu, hiyo damu inaachwa igande, haina shida na mtu. Kofia ya purple iko na dawa ndani ya kuzuia damu isigande, na hiyo ndiyo inaenda kwa mashine ya kuhesabu. Kofia ya bluu ni ya kuangalia vile damu inaganda, kama ni haraka ama polepole, na ndani iko na maji imepimwa. Lazima damu ifike kwa mstari. Ikikosa kufika, maji inakuwa mingi kuliko damu na majibu inakuwa uongo.

"Ukipewa bluu nusu, unafanya nini?"

"Naleta."

"Unarudisha. Na unageuza chupa polepole, mara tatu, mara nne, kama unabembeleza mtoto. Si kama unatingisha soda."

Wiki ya pili nikapewa bluu nusu kwa kliniki moja ya watu wa geti kubwa. Nikairudisha. Nesi akasimama, mikono kiunoni. "Unajua mimi nimefanya hii kazi miaka ngapi?"

Nikamwambia, "Sijui, madam, lakini najua mstari iko wapi."

Alinitolea damu ingine. Alinichukia pia, mpaka alipohamishwa. Hiyo ni sawa. Kwa hii kazi utapendwa na watu wawili, na mmoja ni mamako.

Sasa visahani. Msikie vizuri kwa sababu hii stori yote iko hapo.

Ndani ya damu kuna vitu vidogo sana, ndogo kuliko zile nyekundu, na ukiziangalia ziko bapa kama sahani. Madam Mutheu alikuwa anaziita visahani. Kazi yao ni kuzunguka tu, kama vijana wa stage. Lakini mshipa ikikatika, zinakimbia hapo, zinatoa miguu, zinashikana, zinaziba shimo. Halafu damu inagandia hapo juu yao.

Nikasema, "Kama watu wakiona ajali Waiyaki Way."

"Hao wanasimama kupiga picha. Hizi zinafanya kazi."

Shida ni moja. Mshipa ikijaa mafuta ndani, ikipasuka kidogo hapo kwa mafuta, visahani hazijui kama ni kisu ama ni mafuta. Zinakimbia vile vile, zinaziba vile vile. Na kama hiyo mshipa ni ya moyo, basi.

Ndiyo maana mtu wa kolestro anapewa dawa ya kupunguza mafuta. Hiyo dawa kazi yake kubwa ni mafuta. Lakini Madam Mutheu alinieleza kuna ingine inafanya pembeni: inapoza visahani kidogo, zisiwe na hasira ya karibu, na hata kuganda kwa damu kunapunguza kelele. Kidogo. Si ile ya kufunga visahani mikono, hiyo ni kazi ya aspirini. Na hiyo dawa ya mafuta si dawa ya kufanya damu iwe maji, hata kama jirani yako amesema.

Jirani ndio daktari mkubwa Nairobi. Kulikuwa na mzee Mhindi ghorofa ya tatu hapo Parklands, tulikuwa tunamtoa damu nyumbani. Siku moja nikifika na nesi, tunapata dawa yake ya kolestro imejaa kwa boksi, hajagusa wiki mzima.

"Mimi nang'oa jino Alhamisi," akasema. "Jirani nasema hii dawa nafanya damu nyepesi. Jino natoka, damu natoka, mimi natoka."

Nesi akampigia daktari wa meno hapo hapo, akaweka simu kwa spika. Daktari akamwambia hiyo ya kolestro haisimamishwi kwa sababu ya jino, ameze kama kawaida. Mzee akageukia mimi, "Wewe nasema nini?" Nikamwambia, mzee, mimi nabeba tu. Akacheka mpaka hiyo jino ikamuuma.

Hiyo neno, damu nyepesi, damu nzito, imeharibia watu wengi. Mtu akisikia dawa "inapunguza," anafikiria inapunguza damu yenyewe, na yeye damu tayari anaona ni kidogo. Mimi nimeona. Lakini ile kesi ya Mama Nekesa haikuwa makosa ya jirani. Ilikuwa yangu.

Kitu ya mwisho Madam Mutheu aliniambia ile siku ya kwanza ni barafu. Boksi iko na barafu upande moja kwa sababu kuna damu inataka baridi. "Lakini visahani hazipendi barafu. Zikishikwa na baridi zinaamka, zinadhani kuna vita. Purple ya kuhesabu na bluu ya kugandisha, weka mbali na barafu." Alisema mara mbili. Nikafuata hiyo kwa miaka saba. Kila mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi ya kuuma masikio, nilikuwa nabeba chupa za bluu ndani ya jaketi, kwa kifua. Wasee wa lab wakanibandika jina Mama Kuku. Sawa.

Halafu ikakuja Ijumaa moja ya Februari, jua kali. Boksi imejaa. Nikafika kliniki ya Loresho, kuna chupa moja tu ya purple. Nafasi ilikuwa upande wa barafu. Nikasema ni chupa moja, ni safari fupi. Nikaisukuma hapo. Halafu safari haikuwa fupi, nikatumwa Satellite kuchukua zingine, tairi ikatoboka, nikafika Parklands baada ya saa tatu. Chupa ilikuwa imelala kwa barafu hizo saa zote.

Sikusema. Sikuficha pia. Sikufikiria tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Madam Mutheu alikuwa ameenda Kitui kwa matanga. Aliyekuwa kwa mashine alikuwa kijana wa kumshikia. Mashine ikahesabu visahani: thelathini na nane. Mtu wa kawaida anaanzia mia moja na hamsini. Huyo kijana akapaka damu kwa kioo, vile sheria inasema, ndiyo iangaliwe na darubini. Lakini Loresho walikuwa wanapiga simu, wanataka majibu. Akatuma majibu, kioo akaiacha kwa treyi. Akaenda wikendi.

Jumatatu asubuhi nikaenda Loresho kuchukua sampo. Kwa benchi hapo nje kuna mama amekaa na kibeti kwa magoti, leso imefungwa vizuri, uso imekunjwa. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kubeba damu?"

"Ndiyo mama."

"Ulibeba yangu Ijumaa. Mimi ni Mama Nekesa. Sasa niambie, hizo sahani zangu ziliendaga wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Huyu mama alikuwa mpishi kwa nyumba moja kubwa hapo Loresho, analala kwake Satellite. Mwaka uliopita moyo ilimsumbua, akawekewa kale kaspringi ka kufungua mshipa ya moyo. Tangu hapo alikuwa kwa dawa mbili: ya kolestro jioni, aspirini ndogo asubuhi. Hizo dawa ndizo zilikuwa zinalinda hiyo springi isizibwe. Halafu Ijumaa jioni daktari akampigia: visahani zimeshuka sana, labda ni dawa, acha zote mbili, Jumatatu uje nikupe barua ya kwenda hospitali kubwa.

"Nimeosha sahani za watu miaka ishirini," akaniambia, "sijawahi ambiwa niko na zingine ndani. Sasa naambiwa zimeisha. Na usinione hivi, kijana, mimi ni mpishi. Siku tatu sijagusa kisu. Mama mwenye nyumba ananiambia nisikate hata kitunguu, nitavuja damu nife kwa jikoni yake. Amekula mkate siku tatu."

"Na moyo, mama?"

"Moyo inadunda ikifikiria hizo dawa sijameza."

Hapo ndipo nilikumbuka Ijumaa. Nikaona ile chupa moja, ile barafu.

Nikamuuliza barua ni saa ngapi. Saa nane, gari ya boss wake itampeleka. Nikamwambia, "Mama, tafadhali, usitoke hapa kabla nirudi."

"Kwani wewe ni daktari?"

"Hapana. Mimi ndiye niliweka damu yako kwa barafu."

Nilirudi Parklands haraka, siwaambii ni haraka gani, mnaweza niiga. Madam Mutheu alikuwa amerudi, bado na vumbi ya Kitui kwa viatu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, helmeti kichwani. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Akaenda kwa treyi, akatoa kile kioo cha Ijumaa, akaweka chini ya darubini. Akaangalia katikati. Akasogeza mpaka pembeni. Akaniachia kiti.

"Kuja uone."

Pale pembeni zilikuwa zimejaa. Visahani, makundi makundi, zimekumbatiana kama watu wa kanisa baada ya ibada.

"Hazikuisha," akasema. "Zimeshikana. Mashine inahesabu moja moja. Ikiona kundi inapita, inadhani ni kitu ingine. Kuna watu damu yao ikiingia kwa purple inafanya hivi yenyewe, hiyo dawa ya kwa chupa ndiyo inaziunganisha. Ni ya chupa tu, ndani ya mwili ziko sawa. Baridi inaongeza. Wewe uliongeza."

"Kwa hivyo si dawa yake ya kolestro?"

"Dawa yoyote inaweza kushusha visahani, mara chache. Daktari hakuwa mjinga kufikiria hivyo. Lakini hii tunaona kwa macho ni chupa."

Tukaenda kwa meneja. Huyu jina nitaacha, ameshaenda, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu wa kuogopa. Alisikiza mpaka mwisho, akafunga mlango.

"Tutarudia," akasema. "Mnamtoa damu ingine, mnapima vizuri, ikitoka sawa tunapeleka. Basi. Hakuna haja ya kusema barafu, hakuna haja ya kusema kioo. Hakuna mtu ameumia."

Madam Mutheu akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimeshafungua yangu.

"Bosi, ikitoka sawa, daktari atasema nini?"

"Atasema zimepanda."

"Zimepanda kwa nini?"

"Simiyu, usinisumbue."

"Aliacha dawa Ijumaa. Leo ni Jumatatu. Ukimpatia majibu mazuri na unyamaze, atasema, ahaa, dawa ndiyo ilikuwa inakula visahani, tumeiacha, zimerudi. Atamkataza mpaka kufa. Na huyo mama ako na springi kwa moyo."

Meneja akaangalia mlango. Nje mtu alikuwa anavuta kiti.

"Wewe ulifika darasa la ngapi?" akaniuliza.

"La nane. Lakini kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu tulihesabu darasa la pili."

Madam Mutheu alikohoa. Mimi namjua, hiyo haikuwa kikohozi.

Meneja akaninyooshea kidole. "Ukienda Loresho ukaongea, na hiyo kliniki ikatuacha, ni wewe. Umesikia? Ni wewe. Wacha nifikirie mpaka kesho."

Kesho. Barua ilikuwa saa nane.

Tulipotoka, Madam Mutheu hakuniambia niende, na hakuniambia nisiende. Aliingia kwa droo, akatoa chupa mbili mpya, purple moja, bluu moja, akaniwekea kwa mkono. "Mkono mmoja, sindano moja, dakika moja. Bluu haina ile dawa ya purple ya kuziunganisha, tutahesabu humo pia, kwa hivyo mpaka kwa mstari. Na ukiweka kwa barafu nitakutoa damu mimi mwenyewe."

Nikazibeba kwa mfuko ya shati.

Loresho, Mama Nekesa alikuwa bado kwa benchi. Nikamwambia twende ndani kwa daktari, wote wawili, kwa sababu sitaki kusema mara mbili. Daktari Kendi alikuwa mdada kijana, ameandika barua tayari, anaweka muhuri. Nikasema nikiwa nimesimama. Barafu, saa tatu, kioo hakikuangaliwa, visahani zimeshikana. Nilisema "mimi" mahali ilikuwa mimi na "sisi" mahali ilikuwa sisi.

Akaweka muhuri chini. "Unajua unaniambia nimemwachisha mgonjwa wa moyo dawa zake bila sababu?"

"Sababu ulikuwa nayo, daktari. Ilikuwa tu ya uongo, na ni sisi tulikuletea."

"Lab yenu haijanipigia. Kwa nini niamini mtu wa pikipiki na nisiamini karatasi?"

"Karatasi haikuwa kwa pikipiki. Mimi nilikuwa."

Alichukua karatasi ya Ijumaa, akaisoma upya. Halafu akaangalia zile chupa mbili kwa mfuko yangu, na akaelewa kabla nimalize kutoa. Purple ikitoka chini na bluu itoke juu, damu moja, mkono mmoja, basi shida ni chupa. Na kwa kuwa mama hajameza dawa siku tatu, kama purple bado iko chini, hakuna vile utasingizia dawa.

Nikageukia Mama Nekesa. "Mama, pole sana."

"Usinipe pole," akasema. "Siku tatu naandika kwa kichwa vile nitazikwa na nani atashika watoto wa dada yangu. Pole nitafanyia nini? Nipe jibu." Akakunja mkono wa blauzi yake mwenyewe, akaweka mkono kwa meza. Bam. Hata nesi aliruka.

Chupa zilijaa. Bluu mpaka kwa mstari, nilisimama hapo nikaangalia kama refa. Nikageuza polepole, mara nne. Nikatoka.

Parklands, Madam Mutheu akaweka zote kwa mashine, moja baada ya ingine. Purple: sitini na mbili. Bluu: mia mbili na kumi. Hiyo ya bluu akaongeza kidogo kwa hesabu, kwa sababu ya yale maji ndani, akapata mia mbili thelathini na moja. Akapaka vioo viwili. Akaangalia vyote, katikati na pembeni. Halafu akachukua simu ya meza, ile iko karibu na mlango wa meneja, akampigia Daktari Kendi na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

"Visahani ni za kawaida! Ni purple inaziunganisha! Na Ijumaa tulizifunga barafu, na hatukuangalia kioo! Ndiyo! Nimesaini!"

Mlango wa meneja haukufunguka.

Daktari akasema mama arudie dawa zote mbili leo leo. Mimi nikafikiria hapo imeisha. Haikuwa imeisha. Baada ya dakika kumi simu ikalia, ni Daktari Kendi tena, na nyuma yake unasikia Mama Nekesa.

"Anakataa," daktari akasema. "Anasema Ijumaa tulimwambia acha, leo tunamwambia meza, kesho tutamwambia nini."

Na yuko sawa. Ukimwongopea mtu mara moja kwa karatasi, karatasi ya pili haina kazi.

Ilikuwa kitu kama saa kumi gari ya boss wake ikasimama nje ya lab yetu Parklands. Mama Nekesa akashuka, leso imefungwa upya, kibeti mkononi. Akapita reception bila kusimama.

"Nataka kuziona," akasema. "Hizo sahani. Kwa macho yangu."

Hatukuwahi kuwa na mgonjwa ndani ya lab. Kuna sheria. Madam Mutheu alimvalisha koti nyeupe, akavuta kiti, akamwonyesha mahali pa kuweka jicho. Kwanza kioo cha purple. Mama alichukua muda kushika, watu wengi mara ya kwanza wanaona tu kope zao. Halafu akatulia.

"Haya makundi?"

"Hayo."

"Na hii ingine?"

Madam akabadilisha, akaweka cha bluu. Mama akaangalia. Akarudi kwa cha kwanza. Akarudi kwa cha pili. Hata yule kijana wa kushikia alisimama.

"Hii ya kwanza," akasema, bado jicho iko kwa darubini, "ni wali ya mtu mvivu. Imeshikana kwa sababu sufuria ni mbaya. Hii ingine imechambuka. Kila punje iko na njia yake. Mchele ni moja?"

"Ni moja, mama. Ni yako."

"Sufuria ndiyo mbaya."

"Sufuria," Madam Mutheu akasema. "Si mchele, na si dawa."

Mama akainuka. Akafungua kibeti, akatoa karatasi ya aspirini, akasukuma moja kwa kidole. Akatoa na ile ya kolestro, akaiangalia, akairudisha. "Hii ni ya jioni. Nitameza kwangu, nikimaliza kukata vitunguu." Akaniangalia. "Wewe wa barafu. Niletee maji."

Nikaleta glasi kwa mikono miwili. Akameza mbele yetu sote.

Tangu siku hiyo, kwa kila hospitali akienda, kabla aulizwe jina anasema, "Mimi ni wa bluu." Daktari Kendi alimwandikia kwa kadi pia, lakini Mama Nekesa haamini kadi. Anaamini mdomo yake. Na kliniki ya Loresho haikutuacha. Daktari Kendi alisema angeacha wale ambao hawangesema.

Sasa mimi. Alhamisi nikaitwa ofisi, nikapewa barua ya onyo. Ilikuwa na makosa mawili. La kwanza, kuweka sampo kwa barafu kinyume cha maagizo. Hilo nikakubali, ni kweli, na ningeongeza wino kama ningepewa. La pili, kwenda kwa mteja kusema mambo ya ndani bila ruhusa.

Meneja akanisukumia kalamu. "Weka sahihi. Na hapo chini ni nafasi ya maelezo yako. Omba tu msamaha, tumalize."

Nilisoma polepole. Najua nasoma polepole, na hiyo siku nilisoma polepole zaidi makusudi. Kwa la kwanza nikaandika: pole, halitarudia. Na kwa miaka tano iliyobaki halikurudia.

Kwa la pili kulikuwa na mistari mitatu. Nilitumia mmoja. Nikaandika: nilisema, na ikitokea tena nitasema tena.

Hiyo mingine miwili iko wazi bado, kwa faili yangu, kabati ya pili. Niliwaachia nyinyi.